Trekta la Mjomba Wako Halipandi Lori la Chuma Chakavu

Kitangari,
Newala.
Jumapili, 8 Septemba 2024.

Mpendwa Binamu Optatus,

Salamu nyingi kutoka huku juu kwetu. Habari za Mwanza? Habari za kazi, na za mkeo Salome na watoto? Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba samaki wako na umetulia kitini, maana ina mambo yanayotaka mtu awe amekaa.

Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linanisumbua asubuhi ukungu ukishuka, lakini siliendekezi. Mama yako, Shangazi Veridiana, mzima, anakula, anasali, na kila siku anagombana na kuku wangu. Shikamoo uliyomtumia kwa simu nilimfikishia, anasema marahaba, ila angependa siku moja umwamkie ukiwa mbele yake. Tangu tulipomzika baba yangu, mjomba wako, mwezi wa Novemba hujakanyaga tena huku.

Utashangaa kuona barua kama za watu wa zamani wakati simu ipo. Siku ile ulinipigia ukasema, "Dada Josephina, muachie Faruku hilo trekta alipakie, limeshakufa." Nikafungua mdomo nijibu, ukasema mtandao mbaya, ukakata. Mtandao gani huo, binamu, unaoharibika ikifika zamu yangu? Barua haikatwi. Utaisoma mpaka mwisho, na usipotaka Salome atakusomea kwa sauti, maana nimeshamtumia meseji kwamba iko njiani. Na usinune. Wewe mtoto wa shangazi yangu, mimi mtoto wa mjomba wako, sisi ni watani tangu tumboni. Leo nitasema nitakavyo.

Basi huyo Faruku wako, mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Masasi, alifika Jumanne asubuhi na lori, mnyororo na watu wanne. Alinisalimia vizuri, siwezi kumsingizia. Akasema ametumwa na mwenye mali. Nikamuuliza mwenye mali ni nani, akasema Optatus wa Mwanza. Nikamwambia ni kweli, mwenye mali ndiye huyo. Nikapanda juu ya trekta, nikakaa kwenye kiti.

Nikamwambia, "Funga mnyororo, baba, pakia. Ila mimi sishuki. Ukifika Masasi utanipima na mimi kwenye mzani."

Wale watu wake wanne wakaanza kucheka, na mtu akishacheka hawezi tena kunyanyua chuma. Faruku akakupigia, hukupokea. Jua likapanda. Zena, jirani yangu, mke wa Awadhi, akaniletea uji palepale kitini, nikanywa taratibu huku Faruku ananitazama. Mwisho akasema atarudi Jumamosi, na Jumamosi hatataka mchezo. Nikamwambia karibu sana.

Najua unawaza, Josephina anataka kunipora. Thubutu! Nilikuwepo kwenye kikao cha ukoo siku ya arobaini, tena ugali waliokula wazee niliusonga mimi. Wazee walisema mali ya mjomba huenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake, na mimi mtoto wa kuzaa nikaitikia kwa mdomo wangu. Ndivyo tulivyokuta. Hata mikorosho ninayoipalilia nilirithi kwa mjomba wangu, kaka yake mama, na watoto wake hawakuninunia. Trekta ni lako. Ninachobisha ni hilo neno lako, kwamba limekufa.

Wewe umezoea ziwa, labda umesahau maji ya huku. Visima vya kukinga mvua ya paa vilikauka mwezi wa saba. Bomba la kijiji linatoa siku linayoitaka lenyewe. Bondeni kwenye chemchemi ni kushuka saa nzima na kupanda saa mbili, na njia unaijua. Trekta likiwa zima linashuka na tela na tanki mara mbili kwa siku, kitongoji kizima kinakunywa. Lilipozima Julai, tulirudia kubeba madumu kichwani.

Mama yako ana miaka sabini na minane. Bonde haliwezi. Amekuwa akitegemea dumu moja ninalompandishia, na hilo nalo si kila siku. Nimemwona kwa macho yangu anasuza vyombo, yale maji hayamwagi, jioni anaoshea miguu, halafu yaleyale anayapeleka kwenye mche wake wa mpapai. Hakukwambia kwenye simu kwa sababu anaona aibu, na wewe unamuuliza tu kama amekula. Nimeandika hili kwa hasira, na hasira bado ninayo.

Sasa nikueleze ugonjwa wa trekta, kwa sababu una haki ya kujua kilichokuwa kinaliua. Hili si la dizeli kama yale mapya ya kukodi. Baba alilikuta Nachingwea limetupwa, masalia ya enzi za mashamba makubwa ya karanga, akalifufua. Linatumia petroli, lina plagi nne, na bila cheche haliendi popote.

Julai nilimwita Fundi Bwanali kutoka Newala mjini. Alikuja mara tatu. Akabadilisha plagi, akabadilisha betri, akapiga msasa, likanguruma siku mbili likazima. Akasema ni koili, kile kikopo kinachoukuza moto wa betri, ukatuma nyingine kutoka Mwanza, tukafunga, likakohoa, likazima tena. Hapo nilimtolea uvivu Bwanali mbele za watu, sokoni, nikamwita fundi wa kufungua asiyejua kufunga. Na wewe nilikusema kwa majirani wote kwamba umetutumia koili feki.

Shangazi akasema marehemu mjomba wako amekasirika huko aliko. Wengine wakasema trekta lina msimu wake, linaogopa kiangazi. Hilo la msimu lilikuwa na ukweli, maana kila mwaka, miaka sasa, linazima Juni au Julai, na mvua zikianza linaamka lenyewe. Baba mwenyewe alikuwa anasema, "Liacheni, linapumzika." Sote tukazoea. Mtu akizoea ugonjwa huwa hauulizii tena.

Jumatano nilivaa suruali ya baba, nikajifunga khanga kichwani, nikamwita Zena aje apige hendeli. Baba alinifundisha kazi hii nikiwa na miaka kumi na miwili, wewe ulikuwa unakimbia grisi usichafue shati. Alikuwa anasema moto wa injini unafuatwa kama unavyofuata mstari wa siafu, kuanzia unakotoka mpaka unakoingia, na ukiruka hata hatua moja umepotea.

Nikaanza kwenye betri. Taa ya mbele ikawaka vizuri, kwa hiyo betri haina neno. Nikafungua plagi moja, nikailaza juu ya injini ikiwa na waya wake, Zena akazungusha hendeli mpaka jasho likamtoka. Hakuna cheche. Nikachomoa ule waya mnene unaotoka kwenye koili, nikaushika kwa kipande cha kandambili, nikausogeza karibu na chuma. Ikaruka cheche moja ya njano, dhaifu, kama kiberiti kilicholowa. Kisha kimya. Hapo nikajua plagi tunazionea bure. Moto ulikuwa unakatika kabla ya kutoka kwenye koili.

Nikafungua kifuniko cha distributa, kile kikopo kinachogawa moto kwenye plagi. Mle ndani kuna platini, vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Zilikuwa na utando mweusi. Nikapiga msasa laini, nikapangusa kwa petroli. Zena akazungusha. Cheche ya bluu! Tukafunga, injini ikashika, tukaruka kama watoto. Nilikuwa tayari kukupigia simu nikuzomee.

Alhamisi asubuhi likagoma. Kimya kabisa, binamu. Nilikaa chini kwenye vumbi la banda nikaona Faruku ameshinda. Nilikuwa na siku mbili tu. Zena akaniambia, "Mama, fungua tena palepale." Nikafungua. Platini nilizozisugua jana zimeota weusi tena, na pembeni yake kuna vumbi la njano, kidogo tu, kama poda. Nikanusa.

Salfa, Optatus. Salfa yetu ya kupulizia mikorosho.

Nikainua macho. Juu ya pua ya trekta, kwenye dari la mianzi, ipo mifuko ya salfa, mmoja umetoboka na panya. Upepo ukipiga, unga unashuka taratibu juu ya injini, na kile kifuniko cha distributa kina ufa ambao baba aliuziba kwa kitambaa. Unga unapita kwenye kitambaa, unakaa kati ya platini, moto haupiti tena. Na ncha za nyaya zote za shaba zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Bangili yangu ya shaba huwa hivyohivyo kila msimu wa kupuliza. Miaka yote naivaa, naiona inageuka nyeusi, na akili haikunijia.

Salfa inaingia bandani Mei. Trekta linazima Juni, Julai. Salfa ikiisha na mvua zikiosha vumbi, linaamka. Huo ndio msimu wake, hiyo ndiyo hasira ya marehemu.

Na nani aliyeiweka salfa pale darini? Mimi. Kwa mikono yangu, kila mwaka, tangu baba alipoishiwa nguvu za kupuliza mwenyewe. Ndani ya nyumba inawasha macho, jikoni naogopa moto, ndiyo nikaona bandani ni pazuri. Watu wengi huku wanaiweka bandani, lakini mwenye injini ya petroli chini yake ni mimi peke yangu. Nimemtukana fundi, nimekutukana wewe, nimeacha marehemu asingiziwe. Nyani haoni kundule.

Kwa hiyo nakuomba radhi kwa ile koili. Si feki. Ni nzima, iko kwenye trekta na inafanya kazi vizuri. Radhi hii ni moja, usitegemee ya pili kwenye barua hii.

Alhamisi hiyohiyo nilipanda bodaboda mpaka Newala mjini nikamwomba radhi Bwanali, palepale sokoni nilipomtukania, kwa sauti ileile. Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Kisha akachimba kwenye kopo lake la vyuma, akatoa kifuniko kizima cha distributa kilichotoka kwenye trekta kama letu, akanipa. Akasema, "Mama Josephina, ukichoka korosho njoo gereji." Nikamwambia nikija gereji yeye atakosa kazi. Tumepatana.

Ijumaa tulihamisha salfa yote kwenye kibanda kipya nyuma ya choo, mbali na kila kitu. Tukafagia banda, tukapangusa injini nzima. Ncha za nyaya nilizisugua kwa limau na majivu mpaka shaba ikaonekana, nikakausha, nikazikaza. Platini nikazisafisha upya. Kifuniko cha Bwanali nikakifunga na kukizungushia mpira wa baiskeli ili vumbi lisipate njia. Zena akazungusha mara ya kwanza, hakuna. Ya pili, likakohoa. Ya tatu likashika, likanguruma, banda zima likatetemeka.

Mama yako alitoka na fimbo yake akapiga vigelegele, mwanamke wa miaka sabini na minane. Nililia. Sioni aibu kukuandikia. Nililia kwa sababu tangu baba afariki sikuwahi kuisikia sauti ile ikiwa safi namna hiyo, na kwa sababu nilikuwa nimechoka, goti limevimba, na nimeshinda. Nililiacha lingurume nusu saa. Halikuzima. Siku hiyo tulipandisha matanki mawili, na Shangazi alioga. Alikaa bafuni muda mrefu mpaka nikamgongea mlango.

Jumamosi Faruku akaja kama alivyoahidi. Hakunikuta nyumbani, akaambiwa niko bondeni, akanifuata na lori lake. Tukakutana katikati ya mteremko, yeye anashuka mtupu, mimi napanda na tanki limejaa, na kina mama wako nyuma ya tela wanaimba. Unaijua njia ile, hawapishani wawili. Na mwenye mzigo anayepanda hasimami. Faruku ikabidi arudi nyuma mpaka juu, mteremko wote, huku wale watu wake wanne wanamwelekeza kila mmoja upande wake. Alipofika juu, lori lilikuwa linafuka mvuke kama chungu cha mihogo. Akashuka, akatazama rejeta, akanitazama mimi.

Akaniomba maji.

Nikampa dumu zima. Mtu haombwi maji akanyima, hata kama mwombaji alikuja kuchukua kisima. Alipomaliza kujaza aliuliza kwa upole, "Sasa, mama, Optatus nimwambie nini?" Nikamjibu, "Mwambie barua inakuja." Akaondoka, na lori lake tupu.

Habari nyingine ni kidogo. Mikorosho imechanua vizuri mwaka huu, na safari hii salfa itatoka kwenye kibanda chake, si juu ya kichwa cha trekta. Binti wa Zena amepata nafasi ya kusoma, nyumba nzima haikaliki kwa furaha. Ukija tutakuchemshia ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, najua Mwanza huipati.

Sasa msimamo wangu. Sikuombi uniuzie trekta, wala sikuombi unigawie. Wewe ni mwenye mali, na utabaki mwenye mali mbele ya ukoo wote. Lakini mtu wa kutumwa halichukui. Ukituma Faruku mwingine, atanikuta kitini. Ukituma barua kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji, nitaisoma nikiwa kitini. Ukituma wazee, nitawaamkia shikamoo kwa heshima zote, nikiwa kitini. Usiseme tena kwamba limekufa, maana mama yako ameoga kwa maji yake.

Msalimie sana Salome, mwambie ashukuriwe kwa kukushikia barua hii usiitupe. Wasalimie Kulwa na Doto, waambie shangazi yao wa Newala anaendesha trekta na atawafundisha. Hapa wanakusalimu Shangazi Veridiana, Zena na mumewe Awadhi, na Fundi Bwanali, ambaye anasema koili ulichagua vizuri. Mungu awalinde nyumba nzima, awape afya na riziki, na wewe peke yako akupe kiu kidogo, ya kukutosha utukumbuke.

Na kama baada ya haya yote bado unataka kuliuza, njoo mwenyewe. Simama mbele ya mama yako na kina mama wa kitongoji hiki, uwaambie kwa mdomo wako. Nitashuka kitini nikupishe, sitasema neno, mila ni mila. Ila uje na ndoo, Optatus. Alfajiri ya kesho yake tutashuka wote bondeni, na maji ya mama yako utayapandisha wewe.

Ndimi nikupendaye, nisiyekuogopa,

Binamu yako,
Josephina Anselmo